Lilian Kando ya Dirisha

Lilian alizikwa Ijumaa, kwao Chavakali, mvua ikinyesha, na mimi nikapewa kipaza sauti. Sikukiomba. Binti yake, Mercy, alikuwa amenipigia simu wiki moja kabla, akaniambia mama ametuacha, sukari imemmaliza, na kwamba kwenye kitabu chake kidogo cha nambari za simu jina langu lilikuwa kati ya wale wa kuambiwa kwanza. Kwa hiyo mwendesha shughuli aliposema sasa tumsikie rafiki wa marehemu kutoka Kisumu, yule mama mchoraji, watu waligeuza viti vya plastiki wanitazame, nami nikasimama chini ya hema nikasema kwamba marehemu alikuwa fundi hodari wa nguo, kwamba alipenda kucheka, kwamba tulijuana tukiwa wasichana. Watu wakapiga makofi. Mercy akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Asante, anti. Mama alikupenda sana." Nilirudi Kisumu jioni ileile. Tangu siku hiyo sijagusa brashi, nimekaa mezani na kalamu. Nina miaka hamsini na minane. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na ishirini na sita. Nilizaliwa wapi na nilisomeshwa na nani nimeshayasema mara nyingi kwa watu wa magazeti, na hayahusiani na jambo hili.

Ulikuwa mwaka wa magugu maji. Watu wa rika langu wanaujua bila kutajiwa tarehe. Ghuba nzima ya ziwa ilifunikwa, ukisimama ufuoni huoni maji, unaona shamba la kijani lenye maua ya zambarau, na meli imekwama gatini kama nyumba iliyohamwa. Wavuvi walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wakicheza bao mchana kutwa. Samaki aliyepatikana alikwenda viwandani, na kilichorudi kwetu ni mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kunyofolewa. Nilipanga chumba Obunga kwa Mama Pilista, na Mama Pilista alikaanga mgongo wazi uani kuanzia alfajiri. Chumba changu kilikuwa cha mabati, paa na kuta, chenye dirisha moja lililotazama karai lake la mafuta. Moshi ule uliingia kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye rangi. Nilikula mifupa ile kwa ugali karibu kila siku, nikiifyonza mmoja mmoja, huku nikiwasikiliza wanawake waliokuja kununua. Kutoka kwao nilijua nani amehama usiku kukwepa mwenye nyumba, nani ana mimba, nani amerudishwa kwao. Nilijua pia walivyonisema mimi. "Huyu nyako, huyu msichana, anachora watu wakilala," mmoja alisema siku moja, nami nikiwa nyuma ya bati umbali wa mkono. "Na wanalipwa?" mwingine akauliza. "Walipwe nini! Wanapenda tu kuangaliwa."

Alisema kweli. Riziki yangu ilikuwa mabango: kichwa cha ng'ombe kwa mwenye bucha, vichwa vya wanawake wenye nywele za kusokota kwa saluni, mkasi na kitana kwa vinyozi. Rangi iliyobaki kwenye mikebe nilichorea watu wangu. Sikuwataka wakae wima kama wanapiga picha ya kitambulisho. Niliwataka walivyokuwa wakisahau kwamba nipo. Nilimchora Mama Pilista akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, macho ameyafumba. Nilimchora Odongo, mwalimu wa hesabu niliyekuwa nikimpenda, amelala kifudifudi kitandani mwangu, mgongo mtupu, mdomo wazi kama mtoto, pete ya ndoa kidoleni. Mke wake alikuwa Ugenya, na wote wawili hatukumtaja. Niliwachora kwa karibu mno, kiasi kwamba nyuso zilijaa kitambaa chote, na bado ndivyo ninavyochora. Kuna msomi mmoja aliyeandika kwamba ni ujasiri. Ukweli ni kwamba chumba kilikuwa kidogo, hapakuwa na pa kurudi nyuma.

Vitambaa vya kuchorea ndivyo vilivyonipeleka kwa Lilian. Alikuwa na kibanda cha kushona pale Mamboleo, karibu na njia panda, mbele cherehani na nyuma chumba cha kulala, na aliniuzia mabaki ya marikani. Yeye hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kimaragoli, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikuwa wa Kiswahili, kile chetu cha mjini kisichojali sana mpangilio. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu na kicheko kilichoanza kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Alishona sare za shule kwa kasi niliyokuwa nikiitazama kwa wivu, kitambaa kikipita chini ya sindano kama maji, kisha anainuka, anapuliza makaa ndani ya pasi, anapiga pindo mara mbili, amemaliza. "Wewe unachora nguo wiki mbili," aliniambia, "mimi naishona kwa saa mbili. Nani fundi hapa?" Mume wake, Wycliffe, alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa serikali. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mke wake, aliongea polepole, na kila alipokuta nimeketi pale aliniita shemeji na kuuliza kama nimekunywa chai. Majirani walimsifu kwamba hanywi pombe.

Siku ya kwanza Lilian kuja nimchore ilikuwa Jumanne. Wycliffe alikuwa amempeleka mkubwa wake Nairobi. Lilian alifunga kibanda akaja na Mercy mgongoni, wakati huo mtoto wa miaka miwili, akamlaza kitandani mwangu. Alikuwa amejizungushia kitambaa cha kitenge shingoni. Chumba cha mabati saa saba za mchana ni tanuri. Alivumilia kidogo, halafu akakivuta kile kitambaa, akajifuta jasho nacho, akakiweka magotini. Hakuniangalia. Upande mmoja wa shingo alikuwa na alama nne, upande wa pili moja, kubwa zaidi, chini ya taya.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Ni mambo ya nyumba."

"Lilian."

"Nimesema ni mambo ya nyumba. Unachora ama huchori?"

Yako mengi mtu angeweza kusema hapo. Nilichosema mimi ni, "Geuka kidogo kwa dirisha."

Akageuka. Mwanga ukamwangukia shingoni, nami nikaona kwamba alama changa kwenye ngozi nyeusi ina zambarau ndani yake, na pembezoni mwake kuna kitu kinachokaribia kijani, na kwamba sina mkebe wenye rangi hiyo. Nilichanganya buluu ya saluni na nyekundu ya bucha mpaka nikaipata. Nilifanya kazi kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Mama Pilista aliingia na sahani ya mgongo wazi, akamwona Lilian, akaona shingo, akaweka sahani chini, akatoka. Baadaye nilimsikia uani akimwambia mteja, "Huyo wa Mamboleo atakufa." Alisema kwa sauti ya kawaida, huku akigeuza samaki.

Lilian alikuja mara nne. Alipenda kuja. Alikuwa akinisimulia vituko vya wateja, na katikati ya kituko anatazama nje moshi ukipita. "Unajua," aliniambia siku moja, "pale nyumbani nikiangaliwa najua kuna kitu nimekosea. Hapa naangaliwa tu. Nakaa naskia usingizi." Nilimwambia asisogeze kidevu. Mara ya tatu alama zilikuwa zimefifia, na nilikasirika. Sikumkasirikia Wycliffe. Nilikasirika kwamba nimechelewa, kwamba ngozi imepona kabla sijamaliza upande wa kushoto. Mara ya nne alikuja na mpya, juu zaidi, karibu na sikio, na moyo wangu uliruka kwa furaha. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine nikashindwa. Nilishika brashi kabla hajakaa.

Picha ilipokwisha alisimama mbele yake muda mrefu, Mercy akimvuta sketi. "Huyu ni mimi," akasema, kama mtu anayetambua maiti. Kisha akajifunga kitambaa chake shingoni. "Atieno, hii usitoe nje. Ikae hapa. Ionekane na mimi na wewe peke yetu."

"Sitaitoa."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Juma lilelile Odongo naye aliniomba jambo lilelile. Alikuwa akivaa viatu, akaona picha yake imetundikwa karibu na mlango, akacheka kicheko cha wasiwasi. "Hii nayo, nyathiwa, mpenzi, isitoke. Bibi akisikia tu, nimekwisha. Hata shule watanifuta." Nikamwahidi. Nikaishusha akiwa bado mlangoni, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, na haikuonwa na mtu.

Mwezi uliofuata alikuja Madam Awuor. Alikuwa mke wa injinia, anaishi Milimani, na nilikuwa nimemchorea bango la shule yake ya chekechea, sungura na herufi. Alisikia kwamba nina picha nyingine. Aliacha gari lake barabarani, akavuka mitaro ya Obunga na viatu vyake vya ngozi mkononi, akaketi kitandani mwangu na kuzitazama moja moja bila haraka. Sijawahi kusahau heshima hiyo. Alisema atafungua sebule yake Jumapili moja, ataalika marafiki na watu wawili watatu kutoka Nairobi wanaojua mambo ya sanaa. Kisha akaiona ya Lilian, niliyoigeuza ukutani, akaigeuza yeye mwenyewe.

"Na hii?"

"Hiyo haitoki, Madam. Mwenyewe hataki."

"Mwenyewe ni nani?"

"Fundi wa nguo, pale Mamboleo."

"Sasa atajuaje? Watu wa Mamboleo waje kwangu kufanya nini?" Hakusema kwa dharau, alikuwa akipanga mambo tu. Akarudi kuitazama. "Bila hii, hizo zingine ni picha nzuri. Na hii ikiwa katikati, wewe ni mchoraji. Amua wewe."

Hakunilazimisha. Nilisimama pale nikifuta brashi na kitambaa, na brashi ilipokauka nilikuwa nimekwisha amua. Picha ya Odongo ilikuwa chini ya godoro alilokalia Madam Awuor, na haikunijia akilini hata kidogo kuitoa. Na jambo moja sitalipunguza: nilijua Wycliffe anamwendesha nani. Nilijua mkubwa wake anakaa Milimani, na Milimani ni barabara chache zenye miti, watu wake wote wanaalikana. Sasa naishi huko mimi mwenyewe, najua ni hatua ngapi kutoka geti lile hadi hili. Wakati ule sikuhesabu kwa sababu sikutaka.

Jumapili yenyewe ilikuwa nzuri, jua la wastani, upepo kutoka upande wa ziwa ukileta harufu ya magugu yaliyooza. Sebule ya Madam Awuor ilikuwa na dari ya mbao na sakafu iliyong'aa, na picha zangu zilionekana ngeni humo, kama jamaa wa kijijini waliofika bila taarifa. Ya Lilian ilitundikwa kati, juu ya meko ambayo haikuwahi kuwashwa. Kadi iliyokuwa chini yake iliandikwa Mwanamke Kando ya Dirisha. Kulikuwa na sambusa, vibanzi vya samaki, divai kwa waliotaka. Nilivaa gauni alilonishonea Lilian. Nililivaa bila kufikiri, ndilo lililokuwa gauni langu zuri. Watu walisimama mbele ya picha ile kuliko nyingine zote, nami nikazunguka na sahani yangu nikisikiliza migongoni mwao. Mama mmoja alisema kivuli cha shingoni kinaonyesha huzuni. Mwingine akasema anaonekana kama anaomba. Bwana mmoja aliyekuwa daktari aliinama, akavua miwani, akatazama karibu. "Hizo ni vidole," akamwambia mkewe. "Mmoja, wawili, watatu, wanne. Na hapa dole gumba." Mkewe akasema, "Hebu wacha." Wakaenda kujaza sahani.

Saa kumi hivi alifika mkubwa wa Wycliffe na mkewe. Niliwaona kupitia dirisha wakishuka garini, nikaona pia nani aliwafungulia mlango. Lakini madereva walikuwa wakilishwa nyuma, kando ya jiko, na nilijiambia hataingia. Wakati huo bwana mmoja kutoka Nairobi alikuwa amenishika kiwiko, akiniambia kwamba ana nafasi kwenye nyumba ya sanaa, kwamba anataka picha kumi kama ile, kwamba amekuwa akitafuta mkono kama wangu kwa miaka. Mke wa mkubwa akalalamika kwamba hawezi kuona vizuri, miwani yake imebaki kwenye gari. Mtu akatumwa. Na aliyeingia na miwani ni Wycliffe, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, akitembea kando ya ukuta kama watumishi wanavyotembea.

Alisimama. Alitazama kwa muda ambao mtu hutumia kusoma bango la dukani, si zaidi. Alimpa mama miwani yake kwa mikono miwili. Halafu, akielekea mlangoni, alipita karibu yangu, akainamisha kichwa kidogo.

"Kazi nzuri, shemeji," akasema.

"Asante," nikasema. Na nikatabasamu, kwa sababu bwana wa Nairobi alikuwa akinitazama.

Ningeweza kuondoka hapo hapo. Dereva haondoki kabla ya mkubwa wake, na mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameshika glasi. Kulikuwa na boda boda za baiskeli getini, vijana wenye nguvu. Kutoka Milimani hadi Mamboleo ningefika kabla chai haijapoa. Ningemwambia Lilian, chukua mtoto, twende. Ningempeleka kwa Mama Pilista, ambaye hamwogopi mtu. Yote haya niliyaona waziwazi, nikiwa nimeshika sambusa. Na bwana wa Nairobi akauliza nilianza kuchora lini, nikamjibu. Akaniuliza kuhusu rangi zile za shingo, nimezipataje, nikamweleza buluu ya saluni na nyekundu ya bucha, akacheka kwa furaha, akawaita wengine waje wasikie. Saa kumi na moja na nusu nikasikia gari la mkubwa likiwashwa. Hata baada ya hapo nilikaa. Nilimsaidia Madam Awuor kukusanya sahani, ingawa alikuwa na wafanyakazi wawili, kwa sababu alikuwa amesema ataichukua picha ile ikae pale pale juu ya meko, na nilitaka kumsikia akirudia.

Nilifika Mamboleo giza likianza kuingia. Umati ulikuwa mbele ya kibanda, kimya, jambo ambalo Mamboleo si la kawaida. Baba Sam, kinyozi wa jirani, alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja wake, Mercy yuko mapajani, amemfunika masikio kwa viganja vyake viwili, ingawa sasa hapakuwa na kelele zozote.

"Wamempeleka hospitali," akasema. "Kwa mkokoteni wa maji. Hatukupata gari."

"Yuko hai?"

"Yuko. Mkono ndio mbaya." Akatazama chini. "Wycliffe alitumia ile pasi, Mama. Aliuweka mkono kwenye meza ya kukatia nguo. Sisi tuligonga mlango. Haki tuligonga. Mpaka tukauvunja, tayari amemaliza."

Ulikuwa mkono wa kulia. Madaktari walifanya walichoweza, lakini mkono una mifupa midogo mingi, na vidole vitatu havikurudi kukunjuka tena. Taya, iliyovunjika pia, ilifungwa kwa waya majuma sita. Nilikwenda wodini kila siku na uji kwenye chupa, naye alikuwa akinywa kwa mrija akitazama dari. Hakuweza kusema, na nilishukuru kwa hilo. Kisha siku moja nikakuta kitanda kina mtu mwingine. Kaka yake alikuwa amekuja kumchukua kwao. Wycliffe alikaa kituo cha polisi siku mbili. Familia mbili zikaketi, zikaongea, zikaelewana, na juma lililofuata nilimwona barabarani akimwendesha mkubwa wake, shati jeupe, sijui nani sasa alilipiga pasi. Alinipungia mkono.

Odongo alikuja siku tatu baada ya tukio lile. Mji mzima ulikuwa umeshasikia. Nilikuwa nimeketi sakafuni, sijala, na nilidhani amekuja kunikumbatia. Alisimama mlangoni, akaangaza kuta.

"Yangu iko wapi?" akauliza.

Nikainua godoro. Akaikunjua, akahakikisha ndiyo, akaifunga kwenye gazeti. "Angalau yangu haikutoka," akasema. "Wewe ni mtu wa neno lako, Atieno." Sikuwahi kulala naye tena, wala yeye hakuja. Mama Pilista, aliyesikia yote kupitia bati, aliniletea ugali jioni. Hakunifariji. Aliniambia tu kula, halafu akauliza, "Ulimwambia hutaitoa, si ndiyo? Nilikusikia siku ile ukiapa." Akarudi kwenye karai lake. Mwisho wa mwezi alinitaka nitafute chumba kingine.

Nilikwenda Chavakali mwaka ukiwa karibu kwisha, kabla tu ya Krismasi. Sikuwa nimealikwa. Wakati huo picha zangu nane zilikuwa Nairobi na jina langu lilikuwa limechapishwa kwenye kijitabu cha karatasi nzuri cha maonyesho, na picha ya Lilian, kwa ruhusa ya Madam Awuor, ilikuwa kwenye jalada. Sikukibeba kijitabu hicho. Nilibeba sukari, majani ya chai na kilo mbili za omena. Boma lao lilikuwa kwenye mteremko, migomba na mawe makubwa, baridi kuliko Kisumu. Mama yake alinipokea kama mgeni yeyote, akanionyesha kiti jikoni karibu na moto, akaniita mwanangu. Sijui aliambiwa nini kunihusu. Lilian aliingia kutoka nje, kikapu cha mboga kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa amenenepa usoni, taya imekaa upande kidogo. Ule mkono mwingine aliuficha ndani ya sweta.

Tulikula sisi watatu, Mercy akiwa amelala kwenye mkeka. Ugali, mrenda, na zile omena. Lilian alimega kwa kushoto, tonge likamvunjikia mara mbili, mama yake akamsaidia bila kutazama. Kisha mama akatoka kwenda kufunga ng'ombe, na Lilian akaweka mkono wa kulia mezani, juu kabisa, ili niuone. Niliutazama kwa sababu alitaka niutazame. Na nitasema hili pia: jicho langu lilianza kuupima, vifundo, kivuli, jinsi ya kuukaribia. Nikalifumba.

"Walisemaje watu?" akaniuliza. "Ile picha."

"Walisema ni nzuri."

"Na ilikuwa nzuri?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata bei aliyoitarajia. "Mimi hilo la kuitoa nimeliwacha, Atieno. Nililia, nikaliwacha. Ulitaka kujulikana. Hata mimi ningekuwa na kitu kizuri hivyo ningetaka ionekane. Lakini kuna kitu kimoja kinanikula." Aliongea polepole, taya bado ilimuuma. "Wycliffe alisema mlionana pale. Alisema alikusalimia na ukamwitikia, ukacheka, ukaendelea kula. Mimi nikamwambia muongo. Nikamwambia Atieno angekuona angekuja mbio aniambie, hata kwa miguu. Akasema nyamaza. Nikarudia, wewe ni muongo. Sijui nilirudia mara ngapi. Hapo ndipo alichukua pasi." Akaniangalia usoni moja kwa moja, kwa macho yale niliyoyachora siku nne. "Ni kweli ulimwona?"

Moto ulikuwa ukitoa moshi, mtu angeweza kudhani ndio ulionitoa machozi.

"Hapana," nikasema. "Sikumwona."

Alifumba macho. Nikaona mabega yake yakishuka, kitu kilichokuwa kimeyashikilia tangu siku ile kikiachia. Alinyoosha mkono wa kushoto akanishika kifundo cha mkono, akakibana.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ungekuja."

"Ningekuja," nikasema.

Mama yake akarudi, akaona tumeshikana mikono, akafurahi. Akanisogezea sufuria, akaniambia bado sijashiba, nisione haya, hapa ni nyumbani. Akaniwekea ugali mwingine na mboga iliyobaki. Nikanawa mkono, nikala mpaka sahani ikaisha, Lilian akinitazama na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.